Kumeza Mbele ya Mtu

Karatasi ya maabara ilikuwa na neno moja tu lililonihusu, na lilikuwa lile lile la miezi miwili nyuma. Makohozi ya yule mama wa Walukuba bado yalikuwa na vijidudu vya kifua kikuu. Miezi miwili ya dawa, vidonge vitatu kila asubuhi, na kadi yake imejaa alama za vema kutoka juu hadi chini, bila hata siku moja iliyorukwa. Kadi safi kama hiyo sikuwa nayo nyingine kabatini. Niliiweka karatasi na kadi bega kwa bega mezani, nikazitazama. Moja kati yao ilikuwa inadanganya, na karatasi ya maabara haina sababu ya kudanganya.

Mimi ni muuguzi. Nilizaliwa Mombasa, nikaja Jinja, Uganda, kwa ajili ya ndoa. Mume wangu ni Mkenya mwenzangu, anauza vipuri vya malori pale Bugembe, kando ya barabara kuu, na mimi nikapata kazi katika mradi mdogo wa afya unaohudumia Walukuba na mitaa ya jirani. Kwa maneno ya walioniajiri, kazi yangu ilikuwa kuhakikisha huduma inamfikia kila mtu, awe wa kabila lolote na wa dini yoyote. Maneno hayo ni mepesi ukiyasoma. Nyumba za Walukuba zilijengewa wafanyakazi wa viwanda, na viwanda viliita watu kutoka kila upande: Wasoga wenyewe, Wagisu wa Mbale, Wasamia, Wateso, Waacholi. Viwanda vingi vikafungwa, watu wakabaki. Ukisimama bombani asubuhi utasikia lugha tano kabla ndoo yako haijajaa.

Mwanzoni nilifanya kosa ambalo mtu wa pwani yeyote angelifanya. Nilidhani Kiswahili ndicho kitakachotuokoa, kwa kuwa si cha kabila la mtu na karibu kila mmoja anakielewa. Tukafunga kipaza sauti juu ya gari la mradi, nikashika mimi mwenyewe, nikatangaza kwa Kiswahili changu kitamu: tokeni nje, njooni mpimwe kifua. Hakutoka mtu. Mzee mmoja alifunga dirisha lake taratibu huku ananitazama. Aliyenieleza ni mke wa askari magereza, mwanamke wa kaskazini anayeishi safu ya pili ya nyumba zile. Alinisubiri nizime kipaza sauti, akasema, "Sista, hapa zamani mtu anasema toka nje kwa Kiswahili, alikuwa na bunduki."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini nilijirekebisha, na kwa hilo nilijivuna. Nikatafuta wanawake wa kila lugha wapite nyumba kwa nyumba. Nikabandika matangazo kwa lugha tano. Katika fomu ya mgonjwa nikaongeza sehemu za lugha, dini, kabila, umbali kutoka kituoni, hata chakula asichokula. Wageni kutoka ofisi kuu waliipiga picha fomu yangu. Nikajiona nimeimaliza kazi, na mtu akijiona ameimaliza kazi huacha kuuliza maswali.

Ngoja nieleze habari za fundi mmoja, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa Msoga wa Buwenge, fundi wa simu mwenye kibanda karibu na soko, na mhudumu wetu wa kujitolea. Kifua kikuu kina sharti lake: mgonjwa anatakiwa ameze dawa mbele ya mtu, kila siku, kwa miezi sita, ili isipite siku ya kusahau. Huyo mtu tulimchagua sisi, kwa kuangalia nani anakaa karibu. Fundi ndiye aliyekuwa mhudumu wangu bora. Hachelewi, halewi, hasengenyi wagonjwa. Nilipompa jina la yule mama, mjane wa Kigisu anayekaa peke yake safu ya nne, aliitazama karatasi muda mrefu.

"Sista, hii moja iko ngumu kwangu."

"Ngumu vipi? Ni mbali?"

"Hapana mbali."

"Kuna mbwa?"

"Hapana mbwa."

"Basi nini?"

Akatabasamu, lile tabasamu analopewa mgeni. Nyuma yake kulikuwa na watu sita kwenye foleni na mimi sikuwa nimekunywa chai. Nikamwambia, "Nyumba zote ni ngumu, bwana. Ndiyo maana tunakwenda." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na ni kweli niliuliza, lakini niliuliza umbali na mbwa.

Binti wa yule mama naye alifika kituoni siku hizo, na kichanga mgongoni, akaomba awe anampelekea mama yake dawa. Nikamkataza. Kichanga hakitakiwi kusogelea kikohozi kile mpaka dawa ikae mwilini. Nilimweleza vizuri, kwa upole, akakubali. Sikumwuliza ameolewa na nani. Fomu haikuwa na swali hilo.

Basi siku ya karatasi ya maabara nilikwenda safu ya nne kwa miguu, nimekasirika, nikitafuta mtu wa kumfokea. Nikakuta kufuli mlangoni. Mke wa askari alikuwa anaanika nguo, akanijia.

"Amekwenda kwao Mbale, juzi. Anakohoa mbaya. Amesema kama ni kufa, afe nyumbani."

Hapo hasira ilipoa, woga ukaingia. Dawa hii ikimezwa leo ikaachwa kesho, vijidudu hujifunza kuishinda, na vikishajifunza, mgonjwa hurudi kutibiwa kwa dawa kali zaidi na kwa muda mrefu zaidi, akiwahi. Huko kwao kulikuwa na wajukuu wa ndugu zake wanaolala chumba kimoja na mgeni. Nikamwona akilini yule mama amelala kwenye mkeka, anakohoa gizani, na watoto wamemzunguka. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyoandika kwenye tangazo letu la Kiswahili, na mimi niliamini kabisa kwamba yule mama alikuwa anaficha.

"Nani anapajua kwao?" niliuliza.

Mke wa askari akatazama miguu yake. "Yule fundi anapajua. Lakini Sista..."

Sikusubiri lakini yake. Nilishageuka.

Gari la mradi lilikuwa gereji, kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilichukua pikapu ya mume wangu, ile ya kubebea vipuri, yenye kiti kimoja kirefu mbele na bodi wazi nyuma. Mume wangu alinikabidhi funguo kwa shingo upande, akasema nikiirudisha na mkwaruzo nitalala nayo nje. Nikampitia fundi kibandani kwake. Nilipomwambia tunakwenda Mbale kwa yule mama, alizima chombo chake cha kuchomelea, akafunga kibanda, akapanda bila neno. Ukimya wake niliusoma kuwa hatia.

Kutoka Jinja hadi Mbale ni mwendo wa saa tatu hivi ukibahatika na malori. Nilimbana tangu Iganga.

"Alama zote hizi ni zako?"

"Ni yangu."

"Kila siku ulikwenda?"

"Kila siku, Sista. Saa moja asubuhi, kabla mimi nafungua kazi."

"Na ulimwona akimeza?"

Akatazama nje. Tulikuwa tunapita mashamba ya mpunga, wanawake wameinama ndani ya maji.

"Nilimsikia."

"Sikukuuliza masikio! Tulikufundisha siku mbili nzima: mpe maji, mwone ameweka mdomoni, mwone amemeza, ndipo uweke alama. Tulisema usikie?"

"Mimi naweza kumsikia," alisema polepole. "Kumwona, hapana."

"Kwa nini?"

Nikajijibu mwenyewe: uvivu. Nikaona mtu aliyesimama barabarani akapiga kelele dirishani, akaweka alama, akaenda kutengeneza simu zake. Nikamwambia neno ambalo ningelipa chochote leo kulirudisha kinywani. Nilimwambia, "Basi ukisikia amekufa, ujue ni wewe." Alikunja mikono kifuani, na kutoka hapo hadi Mbale tulisikiliza injini.

Baada ya mji barabara inapanda kuelekea mlimani. Udongo ni mwekundu, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeufanya utelezi. Migomba, kahawa, migomba tena. Fundi alinielekeza kwa kidole, kushoto, kulia, bila kusita hata kwenye njia panda ambazo mimi nisingezikumbuka ningepita mara kumi. Nikamwuliza amepajuaje hapa. Akasema, "Niliwahi kuja, na ng'ombe." Sikusikia alichoniambia. Yaani masikio yalisikia, lakini nilikuwa nimekwisha kumhukumu, na hakimu akishahukumu hasikilizi ushahidi.

"Simama hapa," akasema. Tulikuwa bado mbali. "Ile yenye bati ya bluu. Wewe nenda. Mimi nabaki hapa."

Alikuwa amevua koti lake na kulishika mapajani, tayari kujifunika kichwa. Niliona mtu anayeogopa kuumbuliwa.

"Utashuka pale pale," nikasema, "na utasema mbele yake ulichofanya."

"Sista, tafadhali. Hapana."

Akashika kitasa cha mlango. Nikakanyaga mafuta. Njia ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani, na pikapu ikaingia uani, ikafunga breki hatua chache kutoka barazani.

Mama alikuwa amekaa pale pale barazani kwenye mkeka, uso kuelekea njiani, anachambua maharage kwenye ungo. Akainua kichwa aone gari la nani. Fundi hakuwahi kujifunika. Walitazamana, sijui, kwa muda wa kuhesabu moja, mbili.

Ungo ulimwagika. Mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mgonjwa wala kwa mzima, akavuta kitenge chake usoni, akakimbia. Mwanamke ambaye wiki mbili kabla alipumzika mara tatu kati ya nyumba yake na bomba, alikimbia akizunguka nyumba, akaingia migombani, akateremka bondeni. Fundi alikuwa ameinama mpaka paji la uso limegusa magoti, koti juu ya kichwa. Nami nikabaki na mikono kwenye usukani, sielewi kitu, injini inanguruma. Kisha tukasikia kikohozi kutoka migombani, kile cha mfululizo kisichompa mtu nafasi ya kuvuta pumzi.

Nilimkuta amepiga magoti, ameshika mgomba. Kitenge alichojifunika kilikuwa na damu, si ya michirizi, damu ya kujaa kiganja. Nikamshika mabega. Dada yake mkubwa, mwanamke mzee mwenye nguvu bado, alikuwa amefika kabla yangu, na alinigeukia mimi kwanza, si mgonjwa.

"Wewe mtu gani?" alinifokea. "Wewe nalisomea nini? Naleta mukwe yake mpaka mlango? Kwa macho?"

"Mkwe wa nani?"

"Yake! Ule kijana nalioa binti yake! Wewe nataka kuwaua wote wawili?"

Nilikaa chini kwenye matope.

Kwetu Mombasa mkwe ni wa kuheshimiwa, lakini heshima ya kwetu inakaa sinia moja. Mama yangu humpakulia mume wangu pilau kwa mkono wake na humgombeza asipomaliza. Huku ni tofauti, kwa Wagisu na kwa Wasoga pia. Mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huacha njia, hata kama ni kuingia mtaroni. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na zaidi ya yote hakuna anayetia kitu kinywani mbele ya mwenzake. Mimi nilimchagua huyo, kati ya watu wote wa Walukuba, asimame mbele ya mama mkwe wake kila asubuhi amtazame mdomoni.

Dada mtu alinieleza mengine kwa kunirushia, huku tunambeba mgonjwa. Kila siku saa moja asubuhi fundi alifika, akasimama nyuma ya ukuta amegeukia barabarani. Aliweka vidonge kwenye kisosi dirishani, akapiga hatua kumi, akasubiri. Mama alikuwa ndani amejibanza. Kwa kuwa kijana yuko karibu, hakuweza kumeza. Lakini akinyamaza, kijana atachelewa kazini, na watoto wa binti yake watalala njaa. Kwa hiyo alijibu, "Nimemeza, enda salama," akisema hewani, kana kwamba anaongea na mtu mwingine. Alikusudia kumeza baadaye, akishaondoka. Siku nyingine alimeza. Siku nyingine alitoka kwenda bombani, akarudi amechoka, akasahau. Vilivyobaki alivitia kwenye mkebe. Fundi aliweka alama kwa alichosikia, na alichosikia ndicho alichoambiwa.

Kila mmoja wao alikuwa amejitahidi kunitii bila kuvunja adabu. Nilijichukia.

Sasa kulikuwa na gari moja. Mama ilibidi akae mbele, maana nyuma wazi asingefika. Mkwe wake hawezi kukaa naye, na hatukuwa na muda wa kumtafutia boda, tena nilimhitaji anionyeshe njia fupi ya kwenda hospitali. Nilisimama uani nikizungusha funguo kidoleni, na mgonjwa anatema damu kwenye beseni. Dada mtu ndiye aliyeamua. Alimpigia fundi kelele kwa Kigisu, naye akashuka na koti lake kichwani, akapanda nyuma akikaa kinyume, anatazama tulikotoka. Dada akavua shali yake, akaifunga kwenye kioo cha nyuma cha gari. Tukateremka mlima hivyo, madirisha yote wazi, mama kati yangu na dada yake, na fundi akinielekeza kwa kugonga bati: mara moja kushoto, mara mbili kulia. Kila akigonga, mama alifumba macho.

Hospitali ilimpokea haraka. Damu ilipungua, wakamlaza wodi ya kifua, wakampa hewa. Jioni haijaingia bado muuguzi wa zamu akanijia kwenye korido na kikombe cha plastiki. Kipimo kipya kilikuwa kimetoka, akasema, na habari ilikuwa njema: dawa zile zile bado zinaweza kuua vijidudu hivi, ila aanze leo, upya, na asikose tena. Tatizo lilikuwa moja. Mgonjwa amefunga mdomo. Hataki maji wala dawa.

Nikaingia na kikombe. Nilikuwa nimejipanga kuomba radhi, na niliomba, kwa Kiswahili chepesi, dada yake akitafsiri panapohitajika. Mama alinisikiliza. Alikuwa mdogo sana kwenye kile kitanda.

"Mimi hapana kasirika wewe," alisema. "Wewe mgeni. Mgeni hajui."

"Basi meza, mama. Mimi si mkwe wako, naweza kukaa hapa."

"Bado." Akavuta pumzi. "Mikono yake iko namna gani?"

Sikumwelewa. Dada yake alinieleza kwa sauti ya chini. Wapo wanaosema mambo ya mkwe ni adabu tu. Lakini Wasoga wana neno, buko, na neno hilo ni jina la adabu yenyewe na la ugonjwa pia. Aliyemtazama mkwe wake usoni anaweza kuanza kutetemeka mikono, na kutetemeka huko hakuishi. Mama huyu ameishi Walukuba miaka mingi, amebeba ya Kigisu na ameongezea ya Kisoga.

"Yeye natengeneza simu," mama akasema. "Ile kazi ya mikono. Ana watoto wa binti yangu wanne. Mimi nimezeeka. Kama mikono yake imeharibika kwa sababu yangu, mimi napona nifanye nini?"

Nilisimama na kikombe changu. Miezi miwili nilikuwa nimedhani mwanamke huyu hajui thamani ya uhai wake. Alikuwa anajua vizuri, ila aliuweka mizani na wa wanne wengine. Alikimbia migombani akijua kifua chake hakiwezi, ili kijana asimtazame kwa mara ya pili.

Nikamwambia nitakwenda kuangalia.

Fundi alikuwa amekaa nje, kwenye ukingo wa saruji karibu na lango, mahali asipoweza kuonekana kutoka dirisha lolote la wodi. Tangu alfajiri hakuwa amekula. Nilikaa kando yake na kumwambia nimekosa, kwamba neno nililomwambia njiani lilikuwa neno baya na la uongo. Akaitikia kwa kichwa. Kisha nikamwambia alichouliza mama mkwe wake. Hakucheka. Alinyoosha mikono yake miwili mbele yetu, viganja chini, tukaitazama sote wawili.

Ilikuwa inatetemeka.

Mimi najua mwili. Mtu aliyeshinda njaa, aliyerushwa kwenye bodi ya pikapu kutoka mlimani, mwenye hofu na aibu, mikono itatetemeka. Ningeweza kumwandikia sababu tano. Lakini nilipoiona, moyo wangu ulipiga mara moja kwa nguvu, na haukupiga kisayansi.

Nikakimbilia kwa mama muuza chai nje ya lango, nikanunua chai ya maziwa yenye sukari nyingi na chapati mbili. Nikampa. Kikombe cha kwanza kilimmwagikia kwenye suruali. Nikanunua cha pili. Ndani, mgonjwa alikuwa anasubiri na muda wa dawa unapita. Muuguzi wa zamu alichungulia mlangoni mara mbili. Mimi ambaye sisubiri hata chai ipoe, nilikaa pale ukingoni nikisubiri mikono ya mwanamume itulie. Alikula chapati zote mbili. Akapumua. Akainyoosha tena. Ilikuwa afadhali, afadhali sana, lakini kidole kidogo cha kushoto kilikuwa bado kinacheza.

"Mwambie iko sawa," alisema.

"Iko sawa?"

"Mwambie."

Nikarudi wodini. Mama alinitazama tangu nilipotokea mlangoni mpaka nilipofika kitandani.

"Umeona wewe mwenyewe? Kwa macho?"

"Kwa macho yangu."

"Haitetemeki?"

"Haitetemeki, mama. Imetulia kabisa."

Akanyoosha kiganja. Nikamwekea vidonge vitatu. Alivimeza kimoja kimoja, akinitazama, na baada ya cha tatu akafungua kinywa na kuinua ulimi nione, ingawa sikuwa nimemwomba.

Alipona. Ilichukua miezi yake yote, na asubuhi alimezea kwa mke wa askari magereza, aliyemchagua mwenyewe, maana safari hii tulimwuliza. Swali hilo sasa liko juu kabisa ya fomu yetu, kabla ya lugha na kabla ya kabila: nani unaweza kumeza mbele yake? Watu hutoa majibu ambayo nisingeyabuni hata kidogo. Fundi naye hakutuacha. Kila mwisho wa mwezi huja ofisini kutia saini orodha ya wahudumu, nami humpa kalamu na kujifanya natafuta kitu kwenye droo. Sitafuti kitu. Naangalia kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto.